Darasa la tatu watoto 70+, kipindi cha Sanaa, rangi hamna: nianzie wapi?

mwl_wa_tatu (Tandahimba)

Wakuu habari za Kuchele. Mimi ni mwalimu wa msingi huku Tandahimba ndani ndani, kwenye huu mtaala mpya nimepangiwa Sanaa na Michezo darasa la tatu. Upande wa michezo sina neno, mpira upo uwanja upo, shida yangu ni kuchora. Chuo nilisoma hisabati na sayansi, mimi mwenyewe kuchora mwisho wangu ni ua na bendera. Watoto sabini na kitu, brashi hamna, rangi hamna, karatasi ni hizohizo za daftari la mistari ambazo mzazi akikuta zimechorwa anakuja juu kwamba daftari limeisha kwa michezo.

Utaratibu niliokuta hapa ni kwamba mwalimu anachora nyumba ubaoni, bati, mlango mmoja, madirisha mawili, watoto wanakopi, unakusanya unasahihisha kwa 10. Sasa juzi kati daftari zote nyumba ileile isipokuwa ka binti kamoja kamechora nyumba yao kweli, na mkorosho, na mbuzi yupo JUU ya bati amesimama kabisa. Huyo nampa ngapi? Mwenzangu wa ofisini anasema 3, maana hajafuata ubao.

Alafu kuna baba mmoja amekuja kistaarabu tu kaniambia mwanawe asichore viumbe hai, sikumbishia ila sijajua mtoto akae afanye nini wenzie wakichora. Na nilikuwa na wazo tutengeneze mapiko (vile vinyago vya kuvaa vya Wamakonde) ya maboksi, maana si ndio sanaa ya kwetu hii, mnaonaje? Naombeni mawazo ya mtu aliyefanya kweli, sio yale ya "mwalimu awe mbunifu" hayo nimeyasikia semina zote.

---

bibi_mstaafu (Lindi mjini)

Mwanangu mwalimu, nimefundisha madarasa ya chini mpaka nimestaafu, nikujibu la mbuzi kwanza maana ndilo lililonifurahisha.

Yule mbuzi hajapanda kwenye bati. Yupo NYUMA ya nyumba. Mtoto wa miaka saba mpaka tisa hivi, mara nyingi anachora mstari mmoja chini ndio ardhi, juu kabisa ya karatasi anapaka mbingu, katikati panabaki peupe. Kitu kikiwa mbali au nyuma hana namna ya kukionyesha zaidi ya kukipandisha juu. Ndio maana utaona pia baba mkubwa kuliko nyumba, kwa sababu baba ndiye muhimu, au utaona ukuta wa nyumba kama kioo, ndani anaonekana mama anapika na chungu kipo jikoni na hata muhogo ndani ya chungu unaonekana. Hayo sio makosa ya kupigia mstari mwekundu, mtoto anachora anachokijua, hajafika bado kuchora anachokiona. Akikaribia kumi na kuendelea mwenyewe ataanza kukuuliza mbona mbuzi wangu hakai vizuri, hapo sasa ndio umfundishe kwamba cha mbali kinakuwa kidogo na cha mbele kinaziba cha nyuma. Ukimwambia leo atakubali kwa heshima tu ila mkono hautafuata.

Kwa hiyo 3 hapana. Huyo ndiye pekee aliyefanya kazi darasa zima, hao wengine wamenakili kazi yako wewe. Na ukienda kwenye meza yake usimuulize "hii nini?" maana ataona umeshindwa kuitambua akajisikia vibaya, mwambie nisimulie picha yako. Atakusimulia mpaka kengele igonge. Alama utazipata humohumo kwenye kusimulia: ametumia nafasi yote ya karatasi au kona moja tu, kaongeza kitu ambacho hakikuwepo mwanzo, kamaliza alichoanza. Hivyo vinapimika hata kama wewe mwenyewe huwezi kuchora kuku.

Karatasi achana nazo kwanza. Mtoe nje. Ukikaa na mchanga na kijiti una ubao wa bure kwa watoto wote sabini, akikosea anafuta kwa kiganja. Sie wa pwani tulifanya hivyo ufukweni, nyie huko juu mna ule udongo mwekundu, fagieni uwanja mmwagie maji kidogo ukae vizuri. Mkaa na boksi lililopasuliwa ndio hatua ya pili.

---

fundi_kinyago

Shikamoo bibi. Nakubali ya mbuzi ila hili la kunakili mnalipiga vita kupita kiasi nyie walimu.

Mimi nimekulia kwenye banda la kuchonga huku Newala, marehemu baba alikuwa mchongaji. Hakuna mtu alinikalisha akaniambia "kuwa huru". Mtoto unaanza na msasa, unasugua kinyago cha mkubwa mpaka kinang'aa, huku macho yanaiba, mwaka mzima unasugua, siku moja unaachiwa kipande cha mti usicho na thamani utengeneze kijiko. Unaiga cha mkubwa mpaka mkono ukomae. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru hapo jirani zetu, kazaliwa 1932, ameanza kuchora Dar 1968 na mbao za dari na rangi za kupakia baiskeli, amekufa 1972. Miaka michache tu! Ingekuwa kunakili ni dhambi ile staili ingekufa naye, lakini ndugu na vijana aliokuwa nao walimuiga ndio maana ipo mpaka leo. Au mzee George Lilanga, Mmakonde mwenzetu, alianza kwenye kuchonga ndio baadae akahamia rangi, na watu wake waliovimba matumbo na masikio makubwa ukiwaangalia ni mashetani yaleyale ya kwenye vinyago vya mpingo, kayatoa kwenye mti kayaleta kwenye rangi.

Sasa tofauti ni hii mwalimu. Sisi tunaiga MKONO wa mtu, anavyoshika tezo, anavyogeuza mti. Nyie mnawaigisha watoto picha iliyokwisha kuisha, hawajaona ilivyoanza. Kama lazima wakuige basi chora pole pole mbele yao, kosea, rekebisha, waone.

La mapiko, subiri kidogo. Lipiko sio pambo la ukutani. Linaenda na jando, na zamani aliyelivaa hata jina hatajwi mbele ya wanawake na watoto ambao hawajaingia. Siku hizi watu wanachezesha mpaka kwenye sherehe za serikali, najua, ila kijiji na kijiji. Nenda kamuone mzee mmoja au wawili uwaulize kabla, ukirudi na ruhusa hata wazazi watakusaidia, ukifanya kimya kimya kuna babu atakuja shuleni na fimbo. Usiseme hukuambiwa.

Na kuchonga usiwape mpingo kabisa, ule mti unavunja hadi patasi ya mtu mzima. Chukua sabuni ya mche, kata vipande, mtoto anachonga kwa mpini wa kijiko au kijiti kilichochongwa, hakuna wembe. Yale mabaki mnakusanya mnanawia mikono kwahiyo hata mwalimu mkuu hawezi kusema umepoteza sabuni.

---

mama_milala

Habarini. Mimi sio mwalimu, nasuka mikeka na mwanangu yuko la nne, nimeingia kwa ajili ya yule baba asiyetaka viumbe.

Mwalimu wewe si wa hisabati? Basi umepona. Huyo mtoto mpe nakshi, na wala usimpe peke yake akajiona katengwa, wape wote. Kata kalenda za zamani vipande vyembamba, wasuke kama mkeka, juu moja chini moja, wakishaweza juu mbili chini moja, utaona ua linajitokeza lenyewe bila mtu kulichora. Hapo unauliza, mstari wa kumi utaanza na rangi gani? Hiyo si hesabu hiyo? Mikindani pale milango ya zamani imejaa nakshi na hakuna hata mnyama mmoja, na Kilwa Kisiwani kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa kuna bwawa la kuogea lina pembe nane, waambie wachore umbo la pembe nane kwa kamba na vijiti viwili wewe utafurahi mwenyewe.

Rangi usisubiri za dukani. Unga wa muhogo vijiko viwili unakoroga na maji ya baridi kwanza ili usifanye mabonge, ndio unamimina maji ya moto huku unakoroga mpaka uwe ute. Gawanya kwenye vifuu. Kimoja tia mkaa uliosagwa ukachekechwa kwa kitambaa, kingine ule udongo wenu mwekundu uliochekechwa, kingine manjano ya pilau, kingine bluu ya kufulia nguo nyeupe. Chumvi kidogo isiwahi kuchacha, lakini usiweke zaidi ya siku mbili itanuka darasa zima. Brashi ni kijiti kibichi unaponda ncha mpaka itoe nyuzi. Na ukitaka wapige kelele mpaka darasa la jirani waje kuchungulia, wapake manjano kwenye karatasi, ikikauka wachoree juu kwa kijiti kilichochovywa maji ya sabuni ya mche. Inageuka nyekundu palepale!

Kitu kimoja, msimu wa korosho mtoto asichezee maganda mabichi kusema atoe rangi nyeusi, yale mafuta yanaunguza ngozi inababuka. Maji ya mabibo sawa, yanatoa doa la kahawia na halitoki, ndio maana sare zivuliwe kwanza, mie ndiye nafua.

---

dogo_wa_lindi

hahaha mama milala umeua hapo mwisho

mwalimu mi nina moja tu, si umesema uwanja unao na unapenda michezo, wachoreshe yule mjusi wa Tendaguru kwa ukubwa wake. watoto wetu wa kusini hawajui kwamba mifupa ya dinosaria aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin imetoka huku Lindi, Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913, na waliobeba mifupa kwa miguu kutoka porini mpaka bandarini Lindi ni babu zetu. kile kimnyama kina urefu wa kwenda juu zaidi ya mita 13!! sasa pima kamba mita 13 ilaze uwanjani, watoto walale chini mmoja mmoja kichwa na miguu kufuata kamba uone wanaingia wangapi, alafu wagawe makundi, hawa shingo hawa mkia hawa miguu, wachore kwa kumwaga majivu. hakuna karatasi itakayopotea na hakuna wa kunakili ubaoni maana ubaoni haingii

ila majivu waangalie upepo yasiende machoni, na isiwe siku ya mechi

---

mwl_wa_tatu (Tandahimba)

Aisee nashukuruni sana, dogo hiyo ya mita 13 nimeisoma mara mbili nikacheka peke yangu ofisini. Bibi shikamoo, yule binti nilimwita nikamwambia nisimulie, kumbe mbuzi anaitwa Salfa kwa sababu alizaliwa siku wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, na kweli alikuwa nyuma ya nyumba amefungwa. Nimempa 9, ile moja nimeizuia kwa sababu hajamaliza mlango.

Fundi nimekuelewa, mapiko naweka pembeni mpaka nionane na wazee. Ila kwenye kunakili bado nitabishana na wewe, huyo aliyesugua msasa mwaka mzima alikuwa mmoja na baba yake, mimi nina sabini na dakika arobaini. Nikichora pole pole mbele yao wa nyuma wanaanza kupigana.

Maswali mawili tu. Rangi ya muhogo kwa watoto sabini nafanyaje isiwe vurugu? Na kuna mtu aliniambia habari za kupiga mhuri kwa bamia, inakuwaje?

---

bibi_mstaafu (Lindi mjini)

Marahaba. Usiwape wote siku moja. Thelathini na kitu wanapaka, wengine wako nje na kijiti mchangani, wiki ijayo wanabadilishana. Kifuu kimoja cha rangi kwa watoto wanne, na kila kifuu kina brashi yake haitoki humo, ukiruhusu brashi zitembee baada ya dakika tano utakuwa na rangi moja tu ya tope. Na chagua watoto wawili wenye sauti wawe wenye vifuu, wale watundu kabisa, watalinda kuliko wewe.

---

fundi_kinyago

Sabini kwa kweli sikuwaza. Basi waite watano watano mezani kwako wakuone unachora, wengine wakiwa na kazi yao. Tutabishana siku nyingine.

---

mama_milala

Bamia unakata kwa kukingama sio kwa urefu, inatoa umbo la nyota au ua. Ifute ute kwa kitambaa kwanza la sivyo rangi inateleza haishiki. Chagua iliyokomaa kidogo, changa inabonyea. Kipande cha muhogo mbichi nacho unaweza kukichonga umbo unalotaka ukagonga mhuri, ila chukua muhogo mtamu, ule mchungu una sumu na kuna mtoto atautafuna tu.