Nyie mnaochokonoa kodi (code) ya Moodle moja kwa moja kwenye seva, nani aliwaloga?

Wakuu, heshima mbele, ila leo sina lugha nzuri.

Kuna kampuni ya hapa mjini, jina naliacha, ilipewa kazi na chuo kimoja kuitoa Moodle yao (mfumo wa masomo mtandaoni) toleo la 4.1 kwenda 4.5. Kazi ya kawaida kabisa. 4.1 ilitoka Novemba 2022, 4.5 Oktoba 2024, zote matoleo yanayohudumiwa kwa muda mrefu (LTS), na ukiwa tayari uko 4.1.2 au juu yake unaruhusiwa kuruka ya katikati. Unahakikisha PHP, lugha iliyoandikiwa Moodle, ni 8.1 hadi 8.3, unachukua bekapu ya database na moodledata (folda ya mafaili yaliyopakiwa), unafunga mlango kwa `php admin/cli/maintenance.php --enable`, unahamia tawi la MOODLE_405_STABLE kwenye Git (programu inayotunza historia ya kodi), unaendesha `php admin/cli/upgrade.php`. Kwisha.

Wao wameondoka, ukurasa wa kuingilia una maandishi `<<<<<<< Updated upstream` juu kabisa ya sehemu ya kuweka jina. Wiki ya mitihani. Wanafunzi wanapiga picha za skrini na kuzisambaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba chuo kimedukuliwa. Halafu napigiwa mimi simu nikasafishe.

Nimefungua seva, nikasoma historia ya amri. Jamaa aliandika `git checkout MOODLE_405_STABLE`, Git ikamkatalia na kumwambia wazi kuna mafaili yamebadilishwa hapa na yatafutika. Hapo mtu mwenye akili anasimama na kuuliza ni mafaili gani na nani aliyagusa. Yeye akapiga `git stash` kuyaweka pembeni mabadiliko hayo, akahamia tawi jipya, akapiga `git stash pop` kuyarudisha, migongano ikamwagika: kila mahali kodi ya zamani na mpya zilipogombana, Git iliweka mishale kama ile ya ukurasa wa kuingilia. PHP ikikutana na ile mishale inakufa papo hapo kwa kosa la sintaksia, kwa hiyo kila faili la PHP lililoua tovuti alilifungua, akafuta mistari ya mishale TU, akaacha kodi ya pande zote mbili imelala pamoja. Tovuti ikawaka. Ile templeti ya ukurasa wa kuingilia, loginform.mustache, haina PHP, haivunji kitu, inaonyesha tu uchafu ulioandikwa humo, basi hakuiona. Akapiga `git add .` na komiti (commit, kuhifadhi mabadiliko kwenye historia ya Git) yenye neno moja: "fix".

Na Git ikakubali! Watu wengi hawalijui hili: Git haikagui kama umeutatua mgongano. Ukishafanya `git add` inaamini umemaliza, hata faili likiwa bado limejaa mishale. Ndiyo maana kabla ya `git add` unapiga `git diff --check`, inakutajia alama zote za mgongano ulizosahau, faili na mstari wake. Ni amri fupi kuliko jina la kampuni yao.

Lakini hayo ni matawi, mzizi uko chini. Hiyo kodi iliyogongana ilitoka wapi? Ni ya kampuni hiyohiyo, waliichomeka miaka ya nyuma kwa FTP, yaani kupakia mafaili moja kwa moja kwenye seva, hakuna komiti, hakuna maelezo, hakuna chochote. Nikaangalia walibadilisha nini hasa. Nikakaa chini.

Walihariri templeti ili kuweka nembo ya chuo. Nembo! Moodle ina ukurasa mzima wa kupakia nembo kwenye mipangilio ya mwonekano, unapakia picha unabonyeza kuhifadhi. Walihariri lang/en/moodle.php ili neno Courses lisomeke Modules. Ipo sehemu ya kurekebisha lugha, na maneno yako yanahifadhiwa moodledata, mbali kabisa na kodi, apdeti haiyagusi milele. Rangi za vitufe nazo wameziingiza kwenye SCSS (kodi ya mwonekano) ya Boost, themu ya kawaida ya Moodle, wakati Boost ina kisanduku cha kuweka SCSS yako mwenyewe, au utengeneze themu mtoto. Yote haya chuo kililipia kama "maendeleo ya mfumo". Ankara nimeziona, nikanyamaza.

Kilele ni lib/moodlelib.php. Ndani ya `email_to_user`, sehemu inayotuma barua pepe, wamechomeka kodi ya kutuma SMS. Kwa kuwa jamaa aliacha pande zote mbili za mgongano, kila taarifa sasa inatoka mara mbili. Na SMS zinalipiwa.

Tena wamefungua mafaili kwenye Windows na kuyahifadhi na miisho ya mistari ya Windows, kwa hiyo faili zima linaonekana limebadilika wakati kilichobadilika ni mstari mmoja. Bila `git diff -w` unaweza kulia. Halafu kuna aliyepiga `chmod -R 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote, kwenye folda nzima, bila shaka kwa ushauri wa mtaani. `git status` ikaorodhesha maelfu ya mafaili kuwa yamebadilishwa kwa sababu ya ruhusa tu. `git config core.fileMode false` ikaifuta ile orodha, yakabaki yale yaliyoguswa kweli.

Na Git yenyewe nina ugomvi nayo. Ukitatua mgongano wa `stash pop`, `--ours` (yetu) ni kodi mpya ya Moodle na `--theirs` (yao) ni mabadiliko yako wewe mwenyewe. Kitu nimekiandika mimi kinaitwa chao! Toka 2005 mpaka leo hatujapata maneno mengine?

Sasa nyie wa kujibu "piga `git reset --hard` na `git clean -fdx` uanze upya", tafadhali piteni pembeni. Hiyo `-x` inafuta hata mafaili ambayo Git imeambiwa iyapuuze, na config.php, faili la mipangilio ya Moodle, ni mojawapo. Plagini zote ulizoweka kwa mkono nazo zinaondoka. Mnampa mtu ushauri huo saa nane usiku akiwa na hofu, mnaenda kulala.

Nilipofikia: nimeweka nakala kwenye seva ya majaribio, nimerudisha kodi kamili ya 4.5, plagini nimezipakua upya kwa matoleo yanayokubali 4.5. Nembo, maneno na rangi nimevihamishia kwenye mipangilio, na migongano yake imetoweka yenyewe kwa sababu hakuna tena cha kugongana. Kwa kilichobaki nimewasha `merge.conflictStyle diff3`, inakuonyesha na kodi ya asili kabla pande zote mbili hazijaigusa. Bila hiyo unabahatisha.

Imebaki SMS. Hiyo sirudishi ndani ya moodlelib.php hata nikilipwa mara mbili, inatakiwa iwe plagini chini ya message/output, folda ya njia za kutuma taarifa. Kama kuna mdau aliyewahi kuandika ya namna hiyo kwa watoa huduma wa SMS wa hapa Tanzania, naomba anielekeze ilipo, nitaijaribu usiku huuhuu. Na yule bwana wa kampuni, najua upo humu: chuo kinasubiri orodha ya mafaili mliyoyagusa.