Riwaya za Ireland kuhusu askari waliosahauliwa: nianze na ipi?

Kalamu_Temeke: Wakuu, naandika riwaya fupi ya askari aliyempigania Mjerumani kisha Mwingereza, vita vya 1914–1918. Naambiwa Waairishi wameshapita njia hii. Nianze na nani? Na mhusika wangu atakwepaje kuonekana msaliti, au shujaa wa kubandikwa?

Mzee_wa_Upanga: Anza na A Long Long Way ya Sebastian Barry (2005), kalenda ikiwa mkononi. Uasi wa Pasaka, wa Waairishi waliotaka kumng'oa Mwingereza, ulianza Dublin tarehe 24 Aprili 1916. Tarehe 27, Waairishi waliovaa sare ya Mwingereza walikuwa wakifukizwa gesi na Wajerumani huko Hulluch, Ufaransa. Wiki moja, vita viwili! Willie Dunne, mhusika mkuu na askari wa Mwingereza, anarudi vitani kutoka likizo, anajikuta mitaa ya kwao akipambana na vijana wa kwao. Mmoja anakata roho mbele yake, damu inabaki kwenye sare. Barry hamhutubishi mtu, doa linatosha. Baadaye barua yenye chembe ya huruma kwa waasi inamgombanisha Willie na baba yake, ambaye ni ofisa mkubwa wa polisi.

Binti_Magomeni: Sawa, ila asipojua ya 1914 atamwona Willie mjinga. Septemba ile sheria ya Ireland kujitawala ilisainiwa, ikawekwa kabatini mpaka vita viishe. Siku mbili baadaye Redmond, kiongozi wa wanasiasa wa Ireland waliodai sheria hiyo, akiwa Woodenbridge, akawahimiza vijana waende vitani. Wengi waliamini wanakwenda kuilipia sheria ile. Wanaoandika habari hizi hukosea hapo: mhusika wa 1914 anaongea kama aliyekwisha kusoma magazeti ya 1922, Ireland ilipojitenga.

Ongeza How Many Miles to Babylon? ya Jennifer Johnston (1974), nyembamba tu. Alexander, mtoto wa jumba kubwa, anasimulia akisubiri kuuawa. Rafiki yake Jerry, mtoto wa maskini, anatoroka kambini kumtafuta baba yake aliyepotea vitani. Hapo utii una mama anayesubiri pesa nyumbani.

Mzee_wa_Upanga: Hilo la pesa ulishike, Kalamu. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR (King's African Rifles, jeshi lao la askari Waafrika), wakaingiza humo waliokuwa askari wa Mjerumani. Mtu yuleyule, sare ya pili. Usimtafutie itikadi, mtafutie sababu ya siku ile: ametekwa, ana njaa, kazi anayoijua ni bunduki.

Na sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, usiiweke sura ya kwanza. Ni ya 1927, mtu wako hajaiona bado.