Maumivu ya kiungo cha taya: mazoezi, plastiki ya usiku, vidonge au kuchonga meno?

KijitiChaMswaki
Wakuu, kuna watu wanang'olewa gego lisilo na ugonjwa, kisha maumivu yanabaki palepale kwa sababu tatizo lilikuwa kiungo cha taya mbele ya sikio. Wajuzi mtulinganishie tiba zisizo za kupasua: kipi kianze, kipi kisiguswe?

Dkt_Kinywa
Kwanza tenganisha kinachouma. Maumivu ya shavuni na kwenye panja, yanayozidi ukiamka, mara nyingi ni misuli iliyochoka kwa kubana au kusaga meno usingizini. Mlio wa "ko" mdomo ukifunguka ni kisahani cha gegedu (tishu laini iliyo ndani ya kiungo) kilichochomoka mbele kikirudi mahali pake. Mlio usio na maumivu hauhitaji tiba yoyote. Lakini mlio ukikoma ghafla na mdomo ukagoma kufunguka, kisahani kimekwama. Muone daktari wiki hiyohiyo.

Kipimo cha nyumbani: mdomo wa mtu mzima hufunguka takriban milimita 40 hadi 55, yaani vidole vyake vitatu vinapita vikiwa vimepangwa wima kati ya meno ya mbele. Chini ya 35 kuna kizuizi.

Visababishi vingine ni pigo la taya, baridi yabisi, kutafuna miraa na bigijii kwa saa nyingi, na baadhi ya dawa za sonona zinazoongeza kubana meno. Hizo za sonona usiziache bila kuongea na aliyekuandikia.

MazoeziTiba
Kwa maumivu ya misuli anza na mazoezi, na sababu yake ni rahisi: meno ya juu na ya chini yanapaswa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Anayeyabana akisoma, akiendesha gari au akishika simu anaifanyisha misuli kazi mchana kutwa. Bandika stika nyuma ya simu. Kila ukiiona, midomo ifungwe, meno yaachane.

Kisha kanda shavu kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15. Weka ncha ya ulimi kwenye paa la kinywa, nyuma kidogo ya meno ya mbele, pale inapogusa ukitamka "n". Fungua mdomo polepole bila ulimi kubanduka. Rudia mara 6, mara 6 kwa siku. Fanya mbele ya kioo: taya ishuke moja kwa moja. Ikikwepa upande, punguza upana hadi inyooke.

Wengi huharibu hapa: wanafungua mpaka mwisho wakidhani wananyoosha, au wanalazimisha taya iliyokwama kwa vidole. Zote mbili zinachokoza kiungo. Na miayo je? Weka ngumi chini ya kidevu.

KijitiChaMswaki
Na chakula?

MazoeziTiba
Wiki mbili za vyakula laini: ugali, wali, samaki, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva sana. Miwa, mahindi ya kuchoma na nyama ngumu vikae pembeni. Tafuna pande zote mbili.

DirishaLaDawa
Vidonge vinatuliza tu, haviondoi kisababishi. Ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya kula, siku 5 hadi 7, kwa mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, pumu inayochokozwa na dawa hizi, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito asinywe bila daktari. Msichanganye na diklofenaki. Ni kundi moja, mnaongeza madhara bila faida.

Dkt_Kinywa
Plastiki ya usiku, yaani kifuniko cha meno kinachovaliwa ukilala, naiweka ya pili. Inalinda meno yasilike, lakini maumivu haiyaondoi kwa uhakika. Mwongozo uliochapishwa na jarida la kitabibu la BMJ Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya ulipendekeza kwa nguvu mazoezi, tiba ya mikono (mtaalamu kukanda na kusogeza taya), elimu na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia. Plastiki za kuvaa na kuvua haukuzipa kipaumbele.

Ukiamua kuivaa, iwe ngumu, imetengenezwa kwa alama ya meno yako na inafunika meno yote. Ile laini ya kuchemsha nyumbani, baadhi ya watu huishia kuitafuna usiku kucha. Inayofunika meno ya mbele tu ndiyo ya kuogopa: magego yasiyoguswa husogea taratibu, na siku moja mtu anagundua meno hayakutani tena.

Kuchonga meno ili "yakutane vizuri", kataa. Jino likishachongwa halirudi, na hakuna ushahidi kwamba kunatibu maumivu haya.

Zamu_ya_Usiku
Haya yafuatayo si ya kujaribia mazoezi nyumbani. Taya inayouma ukitembea haraka au kupanda ngazi, ikifuatana na maumivu ya kifua au mkono, ni moyo mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye zaidi ya miaka 50 akiumwa panja na taya kila anapotafuna, na macho yanafifia, aende hospitali siku hiyohiyo. Mishipa ya damu ya kichwani ikiwa imevimba anaweza kupofuka. Homa na uvimbe nyuma ya gego la mwisho ni maambukizi. Taya inayokaza siku chache baada ya kidonda kichafu ni ya kushuku pepopunda, kimbia emajensi.