Safari ya "siku moja" Dodoma–Bagamoyo–Uluguru: acheni kuuzia watu mbuzi kwenye gunia

Wakuu, habari za jioni. Leo sizunguki. Kuna tangazo la safari ya siku moja linazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya maofisini na mitaani hapa Dodoma, na kila ikikaribia wikiendi ndefu linabadilishwa rangi na kurushwa upya. Linaahidi bahari ya Bagamoyo, kisha kijiji cha mlimani Uluguru kule Morogoro, na usiku huo huo uko kitandani kwako Nkuhungu hapa Dodoma. Wanaouza ni wengi na wanaigana maneno, kwa hiyo simtaji mtu. Ila huu ni wizi wa mchana kweupe, na kinachoudhi zaidi ni kwamba mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuugundua kabla hajatuma hela.

Haya, tuhesabu. Dodoma hadi Morogoro ni kama kilomita 260. Morogoro hadi Chalinze, 80 na kitu. Chalinze mnakata kushoto kwenda Msata, 40 na ushee, halafu Msata mnakata kulia, kilomita 64 hadi Bagamoyo. Jumla kama 450 kwenda tu. Kurudi ni hizo hizo. Kilomita hazipungui kwa kuandika tangazo kwa herufi kubwa.

Sasa wanakwambia Coaster, yaani hilo basi dogo mnalopandishwa, inakimbia. Inakimbilia wapi? Gari la abiria la aina hiyo mwisho wake kisheria ni 80 kwa saa, na hiyo 80 ni ya porini. Penye makazi ni 50, na barabara hii makazi hayaishi: Buigiri, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo, Dumila, Dakawa. Askari wa tochi wanajua kila kibao cha 50 kilipo, dereva naye anajua kwamba wanajua. Ongeza malori ya Kongo na Rwanda yanayopanda vilima vya kuelekea Gairo yakiwa na kontena mgongoni, ambapo unakaa nyuma ya matano yaliyofuatana na hakuna pa kuyapita. Ongeza msongamano wa malori karibu na mzani wa Mikese. Ongeza chai Msamvu, stendi ya Morogoro, maana watu 28 hawanywi chai kwa dakika kumi. Ukipata wastani wa kilomita 55 kwa saa umebahatika, na hiyo ni saa nane na dakika kumi bila kuhesabu chai.

Kwa hiyo mkitoka saa 10 alfajiri (na hamtatoka saa 10, kwa sababu kuna mtu wa Area D anasubiriwa na mwingine wa Kisasa ndiyo kwanza anaoga), Bagamoyo mnaingia saa 6 na nusu mchana mkiwa na shingo zimekakamaa. Mkikaa saa tatu tu mnaondoka saa 9 na nusu alasiri. Bagamoyo hadi Morogoro ni kama kilomita 190, mnafika saa 1 usiku na zaidi. Jua limeshazama tangu saa 12 na nusu. Kijiji cha mlimani mlicholipia kinaonyeshwa kwa kidole kupitia dirishani: "Taa zile pale juu." Basi. Baada ya hapo bado kuna kilomita 260 za giza, Dodoma mnaingia saa 6 usiku kama hakuna kilichoharibika.

Na dereva? Gari la abiria likienda zaidi ya saa nane linatakiwa liwe na madereva wawili. Hiyo safari ni saa 16 au 17 barabarani, na usukani unashikwa na mtu mmoja aliyeamka saa 8 usiku. Kipande cha Dumila hadi Gairo usiku mnene, abiria wote wamelala, hakuna hata wa kumpigisha stori. Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa, siyo kwenye hela.

Tuje kwenye bahari yenyewe, maana hapa watu wa bara tunachezewa kwa kutojua maji. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare na kina chake ni kifupi. Maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, unabaki unaangalia mchanga wenye tope, mashua zimelala ubavu, na mtu aliyevaa nguo ya kuogelea anatembea kutafuta maji ya magotini. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo pamoja na siku chache baada yake, maji yanapwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi na kujaa saa 10 kwenda 11 jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: yanajaa mida ya saa 4 au 5 asubuhi na kupwa jioni, ila tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Kila siku nyakati hizo zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Hivyo basi, Coaster ikifika saa 6 na nusu siku ya bamvua, maji bado yako mbali. Yanapokaribia ufukwe vizuri, ndipo konda anawaita mpande gari. Mtayarishaji wa safari ambaye hajawahi kuangalia jedwali la maji kabla ya kupanga tarehe hajui anachokiuza. Muulize swali hilo moja tu, maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, uone atakavyobabaika.

Na Bagamoyo si ufukwe peke yake. Magofu ya Kaole, yenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, yako kama kilomita tano kusini mwa mji, na ukiyatazama bila haraka ni saa moja na nusu pamoja na kwenda na kurudi. Misheni ya Wakatoliki iliyoanza 1868, yenye makumbusho na kile kimnara ambapo mwili wa mpelelezi Livingstone ulilala Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, ni saa moja. Mji Mkongwe kwa miguu, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, Caravanserai (kituo cha zamani cha misafara) na soko la samaki, ni saa mbili. Samaki wa kukaanga ukiagiza mkiwa watu 28 mahali pamoja ni saa nzima ya kusubiri. Jumlisha mwenyewe halafu ulinganishe na saa tatu ulizouziwa. Wanachofanya ni kuwashusha Mji Mkongwe, picha mbili mlangoni, chakula, twende. Kaole inatajwa kwenye tangazo lakini hamuioni, na ukiuliza unaambiwa kiingilio hakikuwemo kwenye bei.

Kuhusu viingilio: Misheni inalipwa kwake na Kaole kwake, tiketi haziingiliani. Beba kitambulisho ulipe bei ya raia. Penye malipo ya kontro namba, mtu mmoja alipie kundi zima kwa mkupuo. Mkianza kulipa mmoja mmoja kwa simu, mtandao ukisuasua mnamalizia muda wenu pale getini.

Sasa mvua, kosa ambalo watu wa Dodoma tunalifanya kila mwaka. Sisi tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo Mei tukiona kumekauka tunadhani nchi nzima imekauka. Morogoro na Pwani wana vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Mei hiyo hiyo unayoiona wewe ya vumbi, njia za Uluguru ni udongo mwekundu uliolowa, unateleza kupanda na unateleza zaidi kushuka. Watayarishaji wanapenda sana Mei Mosi na Pasaka kwa sababu kuna mapumziko. Muda mzuri kwa mlima na bahari kwa pamoja ni Juni hadi Septemba.

Mliouliza hapo chini kama treni haiwezi kuokoa hiyo siku moja: ndiyo, SGR, treni ya umeme, imebadilisha mengi, lakini haijasogeza Bagamoyo. Nauli ya kawaida Dodoma–Dar tangu 2024 ni 31,000, ya haraka 40,000, na mwendo ni kama saa tatu hadi nne. Ila treni inakushusha katikati ya Jiji la Dar, na kutoka pale hadi Bagamoyo ni karibu kilomita 70 kupitia Mwenge, Tegeta na Bunju, kwenye foleni usiyoiamulia wewe. Saa mbili ni heri, tatu si ajabu. Daladala za Bagamoyo zinapatikana Makumbusho. Na huyu mkuu aliyeshauri kushuka Pugu kukwepa foleni, samahani, angalia ramani: Pugu iko upande mwingine wa jiji, utalazimika kulivuka hilo hilo unalolikwepa.

Kwa treni ya asubuhi utapata Bagamoyo saa mbili au tatu za haraka haraka, huku roho iko kwenye treni ya kurudi. Treni haisubiri kundi. Coaster mnaweza kuipigia simu, treni huwezi.

Kwa anayetaka kweli siku moja kutoka Dodoma, achana na bahari, chukua mlima peke yake. Treni hadi Morogoro ni kama saa mbili. Stesheni iko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo panga bajaji hadi mguu wa mlima na patana bei kabla hujakaa. Kijiji cha Choma kinafikika kwa kupanda kama saa mbili. Sisi tuliozoea tambarare tuweke mbili na nusu. Njia inapita katikati ya mashamba ya Waluguru, migomba na mboga kwenye miteremko mikali kiasi kwamba unajiuliza jembe linasimamaje. Chukua mwongozo wa mjini, na mwambie mapema kama mnaishia kijijini au mnataka kuendelea juu, kwa sababu ukivuka mashamba na kuingia msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu, na hicho hakitafutwi njiani. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu isipungue. Viatu vyenye soli ya meno. Raba zile laini za kwendea sendoff ndizo zinazovunja watu viuno, na mara nyingi ni wakati wa kushuka, magoti yameshachoka. Anza kupanda kabla ya saa 4 asubuhi, saa 9 alasiri muwe mmeanza kushuka, na tiketi ya kurudi iwe ya treni ya jioni, siyo ya alasiri.

Anayetaka vyote viwili alale, hakuna njia ya mkato. Treni ya Ijumaa jioni hadi Dar, Jumamosi asubuhi Bagamoyo na ulale huko huko, Jumapili rudi. Mlima uwe safari nyingine. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili jioni kata mapema, kwa sababu hizo ndizo treni za watumishi wenye familia Dar na zinajaa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho. Yule katibu wa kundi anayekata tiketi za watu 20 kwa majina ya utani anawaletea kesi getini.

Nyie watayarishaji mnaosoma hapa kimyakimya, maana najua mpo: wekeni kwenye tangazo saa ya kuondoka na saa ya kufika kila kituo, majina ya sehemu zilizolipiwa kiingilio, idadi ya madereva, leseni yenu ya TALA (ya biashara ya utalii), kibali cha gari la kukodi kutoka LATRA (wadhibiti wa usafiri wa ardhini), na risiti ya EFD mtu akilipa. Na andikeni nini kinatokea kwa hela ya mtu safari ikiahirishwa. Kusema "itasogezwa mbele" si jibu. Mnachukua malipo ya awali wiki tatu kabla, watu wasipofika 20 mnanyamaza, halafu mnawaambia hela imeshalipwa kwa mwenye gari. Kama imeshalipwa, mwenye gari naye alitoa risiti, iletwe tuione.

Naongeza kidogo kwa walioniuliza baada ya kuandika.

Watoto kwenye SGR: chini ya miaka minne bure, minne hadi kumi na mbili nusu nauli. Kupanda Choma na mtoto wa miaka mitano inawezekana, ila mtambeba nusu ya njia, mjipange nani anabeba.

Samaki wa kuleta Dodoma kwa gari: nunua mwisho kabisa kabla ya kuondoka, toeni matumbo na matamvua, wapangwe kwenye deli kwa tabaka, barafu chini, samaki, barafu juu, uzito wa barafu ulingane na wa samaki. Kilo kumi za changu, kilo kumi za barafu. Maji ya barafu yawe na pa kutokea, wasiogelee humo. Wauzaji watakupa kimfuko kimoja cha barafu kwa kilo kumi na kukwambia inatosha. Inatosha hadi Msata.