Kutafuta nyota za Kilimia katika katalogi ya Gaia DR3 kwa mstari wa amri

Mfuatanyota aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaandaa mchoro wa rangi na uangavu wa nyota za Kilimia kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia wa kidato cha 6, na ningependa utokane na vipimo halisi vya katalogi ya Gaia DR3 (toleo la tatu la data ya Gaia, darubini ya angani ya Ulaya), iliyotolewa tarehe 13 Juni 2022, badala ya kunakili picha ya kitabuni. Katalogi hiyo ina vyanzo takriban bilioni 1.8, vilivyogawanywa katika mafaili 3386 ya CSV yaliyobanwa. Kompyuta yangu ni ya kupakata, inatumia Linux na ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na intaneti yangu ni ya bando la simu.

Nimepakua mafaili machache ya kujaribia na kuyapitisha kwenye awk, programu ya kuchuja maandishi, ili nibaki na nyota zenye paralaksi kubwa tu (msogeo mdogo unaoonekana dunia inapozunguka jua; ukiwa mkubwa, nyota iko karibu), kwa amri hii:

`zcat GaiaSource_*.csv.gz | awk -F, '$10 > 6.5' > karibu.csv`

Safu ya 10 ndiyo ya paralaksi, nimehakikisha. Hata hivyo, faili linalotoka lina mistari mingi mno, na mingi kati ya hiyo imeandikwa "null" palepale kwenye paralaksi. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini mistari hiyo inapita wakati haina namba yoyote ya kulinganishwa na 6.5? Pili, ipo njia ya kupata nyota za Kilimia peke yake bila kupakua katalogi nzima, ambayo ni mamia ya gigabaiti?

Kaskazi alijibu:

Salamu, Mfuatanyota. Nianze na hilo la "null", kwa sababu linawapata wengi na awk haitoi onyo lolote. Awk inapokuta kwenye safu kitu kisichosomeka kama namba, huacha kulinganisha namba na kulinganisha herufi kwa herufi, kama maneno yanavyopangwa katika kamusi. Katika mpangilio huo herufi n huja baada ya tarakimu 6, kwa hiyo kwa awk "null" ni kubwa kuliko 6.5 na mstari unapita. Ndiyo maana hata mstari wa vichwa vya safu umejirudia kwa kila faili ulilofungua. Katika DR3 vyanzo takriban milioni 344 vina mahali pake angani tu, bila paralaksi wala mwendo, na vyote hivyo vingepita kwenye chujio lako. Dawa yake ni kuilazimisha awk ione namba:

`awk -F, '$10+0 > 6.5 && $10+0 < 8.2'`

Ukijumlisha sifuri, "null" inakuwa 0 na inaanguka. Ukomo wa juu nao ni wa lazima, kwa kuwa bila huo utazoa kila nyota iliyo karibu nasi kuliko Kilimia.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo zito. Kwa kazi yako hakuna sababu ya kupakua katalogi. Seva ya Shirika la Anga la Ulaya hupokea maombi ya ADQL, lugha ya jamii ya SQL iliyoongezewa hesabu za anga, na hukurudishia mistari uliyoomba tu. Andika ombi lako katika faili, tuliite kilimia.sql:

`SELECT source_id, ra, dec, parallax, pmra, pmdec, phot_g_mean_mag, bp_rp`
`FROM gaiadr3.gaia_source`
`WHERE DISTANCE(56.75, 24.12, ra, dec) < 5`
`AND parallax BETWEEN 6.5 AND 8.2`
`AND pmra BETWEEN 14 AND 26`
`AND pmdec BETWEEN -52 AND -39`

Kisha litume kwa curl, programu ya kutuma maombi kwa seva:

`curl -o kilimia.csv -d REQUEST=doQuery -d LANG=ADQL -d FORMAT=csv --data-urlencode QUERY@kilimia.sql https://gea.esac.esa.int/tap-server/tap/sync`

Humo ra na dec ni mahali pa nyota angani, na pmra na pmdec ni mwendo wake. Mstari wa tatu wa ombi unachora duara la nyuzi 5 kuzunguka kitovu cha Kilimia. Sharti la paralaksi linafuata umbali: nyota za Kilimia zina paralaksi ya takriban milisekunde 7.4 za tao (kipimo kidogo sana cha pembe), yaani parseki 136 hivi, ambayo ni karibu miakanuru 440. Lakini masharti mawili ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko yote, na ninakusihi usiyaache. Nyota za fungu moja husafiri pamoja, na Kilimia nzima inasogea angani kwa takriban milisekunde 20 za tao kwa mwaka kuelekea mashariki na 45 kuelekea kusini. Nyota ya kawaida iliyojikuta upande ule ule na umbali ule ule huwa haina mwendo huo.

Mfuatanyota:

Ahsante sana, ndugu Kaskazi. Maelezo ya "null" yamenifungua macho. Nimelituma ombi lako kama lilivyo na jibu limekuja haraka kuliko nilivyotarajia. Halafu nikataka kuwaonyesha wanafunzi tofauti kati ya kuweka sharti la mwendo na kutoliweka, nikaondoa mistari miwili ya mwisho na kutuma upya. Amri ya `wc -l` inanipa mistari 2001, na nikipunguza duara hadi nyuzi 4 bado napata 2001 ile ile. Hilo linanitia shaka.

Jambo jingine ni kwamba shuleni hakuna intaneti ya kutegemewa, na ningependa wanafunzi wafanye uchujaji wenyewe kutoka kwenye mafaili ya asili. Je, nitajuaje ni mafaili gani kati ya 3386 yenye eneo la Kilimia?

Zuhura_K alijibu:

Shaka yako ni ya haki. Anwani inayoishia na "sync" hutoa mistari 2000 tu kwa ombi moja, kisha hukata. Mstari wa 2001 ni wa vichwa vya safu. Katika CSV hakuna neno linalokuambia kwamba jibu limekatwa, kwa hiyo ukiona 2000 kamili usilitumie kwa hesabu yoyote. Ombi kubwa hupelekwa kwa njia ya kusubiri, ambapo seva huipa kazi yako namba, huifanya kwa wakati wake, nawe unarudi kuchukua matokeo. Kwa njia hiyo hata asiye na akaunti anapewa hadi mistari milioni 3. Unaweza kufanya hivyo kwa curl, ila ni hatua nyingi. Mimi hutumia STILTS, programu ya Java ya mstari wa amri iliyoandikwa na Mark Taylor wa Chuo Kikuu cha Bristol, ambayo husubiri kwa niaba yako:

`stilts tapquery tapurl=https://gea.esac.esa.int/tap-server/tap adql="$(cat kilimia.sql)" out=kilimia.csv`

Kuhusu mafaili, jibu limo ndani ya namba ya nyota yenyewe. Gaia imeligawanya anga katika vigae vya mfumo wa HEALPix, na namba ya kigae imefichwa mwanzoni mwa source_id. Ukigawanya source_id kwa 8796093022208 na kutupa desimali, unapata kigae cha ngazi ya 8, kimoja kati ya 786,432, chenye upana wa chini kidogo ya robo ya nyuzi. Majina ya mafaili yanatumia vigae hivyo hivyo: GaiaSource_000000-003111.csv.gz lina vigae kuanzia 0 hadi 3111. Basi chukua matokeo madogo uliyokwisha kuyapata, toa vigae vyake, na ulinganishe na majina:

`tail -n +2 kilimia.csv | cut -d, -f1 | while read id; do echo $((id / 8796093022208)); done | sort -nu`

Utaona vigae vinakuja kwa makundi ya namba zinazofuatana, na mafaili utakayohitaji kupakua ni machache sana. Ongeza vigae jirani vya pembeni, kwa sababu namba ya nyota ilipangwa kabla mahali pake hapajapimwa kwa usahihi wa mwisho, na nyota iliyo mpakani huweza kuandikwa katika kigae cha jirani.

Nimetumia hesabu za bash hapo kwa makusudi. Bash hutumia namba nzima za biti 64 na haipotezi tarakimu. Awk kwa kawaida huhifadhi namba kwa namna ya desimali, ambayo ni sahihi hadi takriban 9,007,199,254,740,992 tu, ilhali baadhi ya source_id zina tarakimu 19. Ukilinganisha namba mbili kubwa za aina hiyo ndani ya awk, inaweza kukuambia ni nyota moja wakati ni mbili. Mahali ambapo ni lazima ulinganishe, unganisha kila safu na neno tupu, kwa mfano `$3"" == $1""`, ili zilinganishwe kama maandishi. Na tafadhali waambie wanafunzi wasifungue CSV hiyo kwa Excel na kuihifadhi upya: Excel hubakiza tarakimu 15 za mwanzo na kuzifanya zilizobaki kuwa sifuri. Namba za nyota za Kilimia zina tarakimu 17, hivyo kila moja itaharibika, na hakuna njia ya kuzirudisha.

Kaskazi:

Nakubaliana na dada Zuhura_K kwa yote. Ninaongeza mambo mawili yanayogusa mchoro wenyewe.

La kwanza ni tarehe ya vipimo. Mahali pa nyota katika DR3 ni pa mwaka 2016.0. Ikiwa utaunganisha na katalogi ya 2MASS ili kupata mwanga wa infraredi, kumbuka kwamba 2MASS ilipigwa picha kati ya mwaka 1997 na 2001. Kilimia inasogea karibu milisekunde 50 za tao kwa mwaka, kwa hiyo katika miaka 17 nyota imehama takriban sekunde 0.8 ya tao. Ukitafuta jozi ndani ya sekunde 1, uko ukingoni kabisa na utazipoteza nyingi. Rudisha kwanza kila nyota ilipokuwa mwaka 1999 au 2000 kwa kutumia pmra na pmdec, kisha ndipo utafute jozi. Pmra ya Gaia tayari imezidishwa na kosaini ya dec, kwa hiyo uigawanye kwa kosaini hiyo kabla ya kuijumlisha kwenye ra.

La pili ni zile nyota angavu ambazo wanafunzi wako wanaziona kwa macho. Gaia iliundwa kwa nyota hafifu, hadi magnitudo 21 hivi (kipimo cha uangavu ambacho namba ndogo ni ya nyota angavu zaidi), na kwa nyota angavu kuliko magnitudo 3 katalogi ina mapengo, na vipimo vilivyopo si bora. Alcyone, iliyo angavu kuliko zote katika Kilimia, ina magnitudo 2.9, yaani iko hapo hapo mpakani. Ni desturi ya wengi kuziba mapengo hayo kwa katalogi ya mwaka 1997 ya Hipparcos, satelaiti iliyoitangulia Gaia, yenye nyota 118,218. Chukua humo mahali pa nyota na uangavu wake, lakini paralaksi za Hipparcos kwa Kilimia usizichanganye na za Gaia. Hipparcos iliiweka Kilimia kwenye parseki 120 hivi, jambo lililozua mabishano ya miaka mingi, hadi vipimo vya darubini za redio vya mwaka 2014 vilipotoa parseki 136, na Gaia ikaafikiana navyo. Kwa nyota hizo chache, tumia paralaksi ya wastani ya fungu, 7.4, unapokokotoa uangavu halisi. Ukitumia ya Hipparcos, sehemu ya juu ya mchoro itashuka kwa takriban magnitudo 0.3 kuliko sehemu nyingine.

Mfuatanyota:

Nimeelewa. STILTS imekubali kwenye kompyuta yangu, na ombi lisilo na sharti la mwendo sasa linatoa mistari inayobadilika kadiri ninavyobadilisha duara. Vigae nimevipata na mafaili yake yanapakuliwa usiku huu. Swali moja dogo: je, niongeze sharti la ruwe (kipimo cha jinsi vipimo vya Gaia vinavyolingana na mwendo wa nyota moja pekee) chini ya 1.4, ambalo naliona katika mifano mingi?

Zuhura_K:

Kwa mchoro wa fungu, mimi nisingeliweka ndani ya ombi. Ruwe kubwa mara nyingi ni dalili ya nyota pacha, na pacha ni sehemu halali ya Kilimia. Katika mchoro huonekana kama mstari wa pili juu ya ule mkuu, kwa tofauti ya hadi magnitudo 0.75. Omba safu ya ruwe pamoja na nyingine, kisha wanafunzi wazipake rangi tofauti zile zinazozidi 1.4.