Tupeane uzoefu: Uko kwenye msaada wa serikali na unamleta mume au mke. Ilikuwaje?

Mwanzisha mada, Edmonton

Habari zenu wadau. Nafungua uzi huu kwa sababu wiki hii dada mmoja wa hapa kwetu, ana mtoto mchanga, kanipigia simu analia. Mumewe yuko Tanga. Kwenye grupu la WhatsApp ameambiwa kwamba mtu anayepokea hela yoyote ya serikali hawezi kudhamini mwenzi, kwa hiyo alitaka kusitisha malipo yake ya uzazi ili faili lionekane safi. Aliyempa ushauri huo anaishi Uingereza. Sisi tuko Kanada.

Na mimi niliambiwa hayo hayo nilipokuwa namleta mume wangu. Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi, nalipwa na Employment Insurance, na napokea Canada Child Benefit ya mtoto. Kila niliyemuuliza alitikisa kichwa. Nikaacha kuuliza watu nikaisoma fomu ya udhamini, IMM 1344, swali kwa swali. Kinachoulizwa pale ni kama unapokea msaada wa kujikimu wa jimbo kwa sababu isiyo ulemavu. Basi. Hapa Alberta msaada huo unaitwa Income Support, Ontario ni Ontario Works. Employment Insurance ni bima ambayo wewe na mwajiri wako mmeichangia, na hela ya mtoto inatoka serikali kuu. Vyote viwili havimo kwenye swali lile.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: kwa mume au mke, Kanada haina kiwango cha chini cha mshahara, isipokuwa kama unamleta pamoja na mtoto ambaye naye ana mtoto wake. Wanataka karatasi ya tathmini ya kodi, ndiyo, lakini hakuna namba unayotakiwa kuivuka kama ilivyo kwa wazazi.

Nasisitiza jambo moja. Sharti la kutokuwa kwenye msaada wa jimbo halipimwi siku ya kutuma maombi tu. Linakufuata mpaka siku uamuzi unatoka. Namjua mtu aliyetuma faili zuri kabisa, kazi ikaisha katikati, akaingia kwenye msaada wa jimbo bila kujua unagusa faili, na maombi yakakataliwa. Kama kazi imekatika na una sifa za kupata Employment Insurance, anza na hiyo.

Nimesema ya kwangu. Kila mtu atoe yake, na tafadhali taja nchi uliyopo na aina ya msaada. Neno "benefiti" peke yake halimsaidii mtu.

Mdau, Ottawa

Jambo kwenu wote. Mie ni Mkongo wa Uvira, nilipitia kambi ya Nakivale, Uganda. Nilikuja kama mkimbizi niliyepewa makazi, mwaka wa kwanza nikawa kwenye msaada wa serikali kuu wa kupokea wakimbizi, ukaisha nikaingia Ontario Works huku nasoma Kiingereza. Bibi yangu, yaani mke wangu, alibaki kambini.

Watu wa kanisani wakanambia, ndugu, utoke kwanza Ontario Works, utafute kazi, ndipo umdhamini. Ningewasikiliza ningepoteza miaka. Mkimbizi aliyeletwa kutoka nje ana nafasi nyingine: ndani ya mwaka mmoja tangu kufika, anaweza kuomba mwenzi na watoto aliowaacha wafuate kwenye faili lake lile lile. Wanaiita dirisha la mwaka mmoja. Pale hakuna udhamini, kwa hiyo hakuna anayekuuliza uko kwenye msaada gani. Sharti ni kwamba uliwataja kabla hujapanda ndege, na maombi yaingie kabla mwaka haujaisha.

Kutaja ndiko kunakoumiza watu wetu. Kambini kuna wanaosema ukitaja bibi faili lako litarudi nyuma, sema uko peke yako. Mie nilipokaa mbele ya yule afisa, mkalimani akauliza, "Una bibi?" Nikasema ninaye, na jina lake nikaomba niliandike mwenyewe, kwa sababu jina la ukoo wake lina herufi wanazokosea kila mara. Afisa akanigeuzia karatasi nikaandika. Ukimficha mtu wa familia pale, sheria ya Kanada inamtoa kwenye kundi la watu unaoweza kuwaleta kama familia. Mwaka 2019 waliweka sera ya majaribio ya kuwalegezea baadhi, wakaiongezea muda, lakini usijenge maisha yako juu ya sera ya majaribio.

Bibi amefika. Wale walioniambia nisubiri, wenyewe bado wanasubiri wa kwao, na hilo linanisikitisha sana.

Mdau, Toronto

Asalaam aleikum. Mimi ni mwenye ulemavu wa miguu, mzaliwa wa Mombasa, niko kwenye ODSP, ile posho ya ulemavu ya Ontario. Wakili mmoja wa kulipwa, simtaji, alinambia nisijisumbue: mtu wa posho hadhamini. Nilitoka pale nimevunjika moyo. Ndugu yangu akanipeleka kliniki ya sheria ya mtaani, zile za bure ambazo Ontario zimejaa, na mama mmoja wa pale akanionyesha kwenye kanuni: msaada wa jimbo unamzuia mdhamini *isipokuwa* unatokana na ulemavu. Vidole vyake vilikuwa juu ya mstari wenyewe. Nikamwomba anipigie chapa ukurasa ule, ninao mpaka leo kwenye faili.

Mume wangu yuko hapa, alhamdulillahi. Lakini dada zangu wa ODSP, jueni na upande wa pili kabla hamjafurahi. Mume akishafika mnahesabiwa kaya moja. Akianza kazi, sehemu ya mshahara wake inapunguza posho yako. Sisi tulilijua mapema kwa sababu nilimwandikia msimamizi wangu barua pepe, akanijibu kwa maandishi. Simu haishiki ushahidi. Mwezi wa kwanza aliopata kazi ya ghala tulitoa taarifa wiki ile ile, na hatukudaiwa kitu.

Mdau, Milton Keynes

Uingereza sasa, maana naona tumelaumiwa hapo juu, na kusema kweli yule aliyemshauri dada wa Edmonton hata sheria ya kwetu hakuielewa.

Hapa kuna kizingiti cha kipato. Kuanzia Julai 2012 kilikuwa pauni 18,600 kwa mwaka, na tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi 29,000. Aliyeingia kwenye njia ya mwenzi kabla ya tarehe hiyo anabaki na kile cha zamani anapoongeza muda na mwenzi yule yule. Malipo ya serikali kama Universal Credit, Child Benefit na Housing Benefit hayajumlishwi kwenye hizo 29,000. Kuyapokea si kosa, ila hayakusogezi hata hatua moja. Ukitegemea akiba peke yake unatakiwa kuwa na pauni 88,500, na mimi sijui Mzanzibari mwenzangu gani hapa mwenye hela hiyo imelala benki.

Ila kuna mlango ambao watu hawauoni. Mdhamini anayepokea posho fulani za ulemavu au za kutunza mgonjwa, kwa mfano PIP, DLA, Attendance Allowance au Carer's Allowance, kizingiti cha 29,000 hakimhusu. Anapimwa kwa kipimo kingine: baada ya kulipa kodi ya nyumba na kodi ya halmashauri, kinachobaki kwa wiki kisipungue kile ambacho serikali ingewapa wanandoa kama kima cha chini kwenye Income Support, ile posho ya Uingereza, si ya Alberta. Mwaka wangu, 2024/25, ilikuwa pauni 142.25.

Mimi namtunza mama yangu, ana kiharusi, na kwa kazi hiyo nalipwa Carer's Allowance. Huwezi kuipata bila kumtunza mtu saa 35 kwa wiki, kwa hiyo kazi ya 29,000 ningeifanya saa ngapi? Nilikuwa na kibarua cha asubuhi tatu supamaketi. Faili la mke wangu wa Unguja lilikuwa na barua ya posho, taarifa za benki ambazo kila malipo ya posho nimeyapitishia kalamu ya njano, mkataba wa nyumba, bili ya halmashauri, na karatasi moja niliyoiandika mwenyewe ya hesabu: kinachoingia, kinachotoka, kinachobaki. Hiyo karatasi ya hesabu hawakuomba. Niliiweka juu kabisa ili anayelisoma faili asilazimike kuchimba. Viza ilitoka.

Akishafika, kwenye viza yake kutakuwa na sharti la kutogusa fedha za umma. Asiombe posho kwa jina lake. Mwenye Universal Credit atoe taarifa kwamba mwenzi amefika. Wewe utaendelea kuhesabiwa kama mtu mmoja, lakini kipato chake na akiba yake vinahesabiwa.

Mdau, Des Moines, Iowa

Marekani tunayo fomu I-864. Kipato cha mdhamini kifike asilimia 125 ya mstari wa umaskini kwa idadi ya watu wa kaya yako, ukimjumlisha na unayemleta. Wanajeshi walio kazini wanaomleta mwenzi au mtoto ni asilimia 100. Nilipojaza mimi, mwaka 2023, kaya ya watu wanne ilikuwa dola 37,500. Nafanya kazi kiwanda cha nyama, nina watoto wawili, na wa nne ni mume. Sikufika.

Vocha za chakula na Medicaid ya watoto, ile bima ya afya ya serikali, nilikuwa navyo. Havihesabiwi kama kipato. Lakini pia havikuzuii kudhamini, na hapa ndipo nawaomba sana mama zangu: msiwatoe watoto kwenye chakula kwa uvumi. Nimeona mama amejitoa kwenye vocha, watoto wakala wali mkavu miezi mizima, na kipato chake kwenye fomu hakikubadilika hata senti.

Kilichoniokoa ni kaka yangu aliyesaini kama mdhamini mwenza. Yeye anatakiwa afike kiwango peke yake, kwa kaya yake pamoja na huyo mgeni. Kabla hajasaini nilimweleza kila kitu, kwa sababu sahihi ile haiishi kwa talaka. Inaisha mgeni akipata uraia, au akihesabiwa robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au akiondoka moja kwa moja, au akifariki. Kaka alikaa nayo siku kadhaa, akazungumza na mkewe, ndipo akasaini. Ndivyo inavyotakiwa.

Mdau, Hamilton

Wote mmezungumzia kuingia. Mimi nazungumzia baada.

Kanada unasaini ahadi ya kumkimu mwenzi kwa miaka mitatu, inaanza siku anapopata ukaazi wa kudumu. Ndoa yetu ilivunjika kabla haijafika miaka miwili. Yeye hakuwa na kazi, akaomba msaada wa jimbo, na ilikuwa haki yake, simlaumu. Barua ya deni la msaada huo ilikuja kwangu. Nilikuwa tayari nina hati ya talaka mkononi. Hati hiyo haifuti kitu. Mahakama ya Juu ya Kanada ililisema mwaka 2011 kwenye kesi ya Mavi, iliyokuwa na wadhamini wanane: deni lipo, serikali inaweza kukupa muda kulingana na hali yako, lakini si kulisamehe.

Nililipa kidogo kidogo kwa makubaliano. Kipindi chote hicho sikuweza kumdhamini mtu mwingine yeyote, na mama yangu Kigoma alikuwa anazeeka.

Mdau, Toronto

Pole sana kaka. Naongeza kwa upande wa wanawake, maana nimeyaona: yule anayepigwa ndani asikae kwa kuogopa deni la mume wala kwa kuogopa makaratasi. Ile sheria ya kukaa pamoja miaka miwili kwanza ilifutwa Aprili 2017. Ukaazi wako hauchukuliwi kwa sababu umeondoka kwenye nyumba ya kipigo.

Mgeni, Mombasa

Samahani wakubwa, mimi ndiye ninayesubiri. Mke wangu yuko Birmingham, anafanya kazi nusu siku jikoni shuleni, na anapata Universal Credit. Mtoto wetu ana selimundu, anapata DLA. Tumeambiwa tusubiri mpaka mshahara ufike 29,000. Haiwezekani, mtoto analazwa mara kwa mara.

Mdau, Milton Keynes

Kaka, DLA hiyo ni ya mtoto, haimwondolei mama kizingiti moja kwa moja. Swali langu: nani anamtunza, na je, mke anapokea Carer's Allowance?

Mgeni, Mombasa

Anamtunza yeye mwenyewe. Hajawahi kuiomba, hakuna aliyemwambia.

Mdau, Milton Keynes

Basi leo jioni atoe barua ya DLA ya mtoto aangalie sehemu ya matunzo imeandikwa kiwango gani. Ikiwa ni cha kati au cha juu, anamtunza saa 35 kwa wiki, na mshahara wake baada ya makato hauzidi kiwango kilichowekwa, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 196 kwa wiki, aombe Carer's Allowance. Universal Credit yake itapunguzwa kwa kiasi hicho, asishtuke, jumla haitashuka. Anachokitafuta ni ile barua ya kukubaliwa. Akishalipwa, aje hapa na bili ya kodi ya nyumba na ya halmashauri, tupige hesabu ya wiki pamoja kabla hujalipa ada ya viza.