Mteremko mmoja Jomvu, udongo wa namna tatu: ni kazi ya maji au ya mwamba?

Kiambaza:
Assalaam aleikum jamani. Kiwanja kiko Jomvu, Mombasa, mteremko wa mita 150 hivi. Juu udongo ni mwekundu wa kichanga. Katikati ni mwembamba, chepe lagonga mwamba kwa sentimita 30. Chini ni mweusi, na wakati wa kaskazi wapasuka nyufa hata mkono waingia. Mvua ni ile ile na jua ni lile lile, mbona udongo watofautiana hivi? Na shimo la choo lichimbwe wapi?

Fundi Udongo:
Waaleikum salaam. Mvua ni moja, lakini maji hayakai sawa. Mfuatano huu wa udongo kwenye mteremko mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne aliuita *katena*, yaani mnyororo, mwaka 1935 akiwa Amani, huko Usambara, Tanzania ya leo.

Juu, maji hupenya na kwenda zake. Maji ya mvua ni asidi hafifu kwa sababu ya kaboni dayoksaidi, basi huvunja madini ya mwamba kama feldspa, na maji hayo yakachukua kalisi, magnesi, potasi na sehemu ya silika. Kinachobaki ni kaolini (aina ya mfinyanzi), chembe za kwatzi zisizooza upesi, na chuma kilichoshika hewa kikawa hematiti. Wekundu ni huo.

Katikati, mmomonyoko huondoa udongo kabla haujakomaa, ndiyo maana mwamba uko karibu.

Chini, vile vilivyochukuliwa juu hufika na kukwama. Silika na magnesi vikikutana kwenye maji yaliyotuama hujenga smektiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Nyufa zako ni hizo. Tena usidanganywe na weusi: udongo wa aina hii huwa mweusi hata mboji ikiwa kidogo.

Mpima Miamba:
Maelezo ni sahihi, ila kwa Mombasa yana mtego. Yafaa zaidi pale mwamba ukiwa mmoja juu hadi chini, na hapa miamba hubadilika kwa mwendo mfupi: kisiwani matumbawe, upande wa Changamwe na Jomvu mwamba laini wa tabaka za tope, Mazeras jiwe la mchanga. Juu ya hayo, vipo vilima vya mchanga mwekundu wa Magarini vilivyofuatana na pwani, mchanga ulioletwa na kulazwa juu ya miamba ya zamani. Huenda wekundu wako ni mgeni, haukuzaliwa na mwamba ulio chini yake.

Chimba mashimo matatu, juu, katikati na chini, kila moja mita 1 kwa 1, kina mita 1.5 au hadi mwamba. Tazama ukuta wa shimo la juu. Mwamba ukioza papo hapo, rangi hugeuka polepole, na karibu na chini utaona vipande vilivyooza vikiwa bado na tabaka zake. Mchanga ukikatika ghafla juu ya mfinyanzi, hasa pakiwa na mstari wa kokoto za mviringo, basi uliletwa.

Kiambaza:
Ahsante sana ndugu. Hapo chini napimaje kama wavimba?

Fundi Udongo:
Kanda udongo na maji hadi ushikane, finyanga kijiti cha sentimita 10, ukaushe kivulini, kisha upime. Ukipungua sentimita 1 au zaidi, ukijenga hapo kwa msingi wa kawaida kuta huenda zikapasuka. Sampuli za kila kina ziweke mbalimbali: sentimita 0–20, 20–50, 50–100. Watu wengi huchanganya zote mfuko mmoja, jibu likawa la udongo usiokuwepo popote.

Choo usikiweke chini. Smektiti ikilowa hufunga, shimo hufurika masika. Tafuta madoa ya kijivu na kutu ukutani. Kina madoa hayo yanapoanzia ndicho maji ya chini hufikia yakipanda. Juu panafaa, mradi mchanga uwe na kina cha kutosha chini ya shimo.

Mpima Miamba:
Na mchanga huo ukiwa umelala juu ya mfinyanzi, maji ya choo yatateremka yakifuata mpaka wa tabaka hizo, yatokeze pale katikati penye udongo mwembamba. Kwa hiyo kwanza chimba shimo la uchunguzi, la choo baadaye. Kama kuna kisima kwenye mteremko, choo kisikae upande wa juu wa kisima hicho.